Njia Mbili za Usinge

Siku yangu ya kwanza kazini Tabora, katika kampuni ya mtandao, Mkuu wa Kanda alinipokea akiwa amesimama mbele ya kompyuta yenye mistari miwili, wa kijani na wa buluu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka. Wa kijani, alisema, ni mkongo, waya wa mtandao, unaofuata reli kwenda Dar es Salaam. Wa buluu unapanda Nzega na kuzunguka mbali kabla ya kufika huko huko. Walikopita wapagazi wa misafara, sasa yanapita mawasiliano yetu. Hilo nililipenda. Lililofuata liliniudhi miaka yote niliyokaa chini yake.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Ujumbe wa mtandaoni hukatwa vipande vidogo, tunavyoviita pakiti, na ruta ndiyo mashine inayoamua kila pakiti ipite wapi. Njia ikijaa, pakiti hupotea na kutumwa upya. Ukiwa na njia mbili, unapunguza kidogo huku, unaongeza kidogo kule, kisha unasubiri taarifa irudi uone matokeo. Njia ndefu taarifa yake huchelewa, kwa hiyo huko unakwenda taratibu zaidi. Basi.

Mkuu wa Kanda hakutaka kusikia habari ya taratibu. Aliagiza vituo vyote, Urambo hadi Nzega, viwe na mpangilio mmoja: njia ya reli ikijaa, vyote vihamie ya Nzega papo hapo. Ruta zilimtii kuliko hata sisi. Zilihama zote kwa mkupuo, Nzega ikafurika, zikarudi zote, reli ikafurika. Kutwa nzima njia moja imejaa na nyingine tupu, zikipokezana. Nikimweleza, ananijibu kwamba wanakijiji wanatazama video mno. Eti wanakijiji!

Kisha kikaja kisa cha Usinge. Mkunga Veronika, wa kituo cha afya cha huko, alikuwa akituma picha za ultrasaundi kwa daktari bingwa Dar es Salaam, naye ndiye anayeamua mama apelekwe kupasuliwa au la. Siku hiyo picha ilifika nusu, ikakatika, ikaanza upya. Akanipigia simu.

"Shikamoo mama. Mgonjwa yupo kitandani, gari lipo, nasubiri neno la daktari tu. Mtandao una nini?"

Neno lilipofika, mtoto alikuwa ameshafariki. Na katika kikao, Mkuu wa Kanda alisema mkunga ndiye aliyechelewa. Nilimfuata ofisini, nikamwambia njia zetu ni nzima, ila sisi ndio tunaozikimbiza pakiti huku na kule.

"Mama Kulwa," alisema, "siwezi kumwambia Mkurugenzi kwamba dawa ya mtandao ni kupunguza mwendo."

Nilipunguza bila ruhusa yake. Kila kituo nilikiwekea mwendo wake wa kuhama kulingana na urefu wa njia, na ile mistari miwili ikatulia. Alinionya vikali kwa kuvuruga mpangilio wa kanda, lakini mpangilio wangu hakuugusa, maana malalamiko yalikuwa yamekoma. Siku ya kuniaga alisimama akausifu kuwa ni wake.

Sasa nimestaafu, nalima karanga Urambo. Juzi Veronika alinipigia nikiwa shambani.

"Mama, picha zimeanza kukatika tena. Wamesema ni maboresho."

Kumbe Mkuu mpya wa Kanda ameurudisha mpangilio wa zamani, ili mtandao uwe mwepesi. Nilimuuliza Veronika kama ana mgonjwa anayesubiri. Akasema anaye.

Niliacha jembe pale pale nikapanda basi la Tabora. Getini pa ofisi yangu ya zamani mlinzi aliniomba kitambulisho cha kazi. Nilimwambia sina, na kwamba sitaondoka hapo mpaka atoke mtu anayejua Usinge ni wapi.