Jina la Ukurasa wa Pili

Juzi nilikuwa kwenye sekretaria moja ya mtaa wa Nyakasanza, pale tunapopiga fotokopi, akaingia mwalimu aliyekimbia vita upande wa Djugu. Alishika kle USB, kile kijiti cha kuhifadhia faili, kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wanafunzi wake, na hakuwa na nyingine.

"Nimepita kwa kompyuta tatu, hata ya jirani yako," alisema. "Zote zinasema hakuna kitu."

Mama wa sekretaria akaichomeka kwenye kompyuta yake kuukuu inayotumia Linux, ule mfumo wa bure ambao wateja wengi wanaudharau. Akagusa kioo kwa kidole.

"Ni virusi ilificha faili. Kwangu haiwezi kitu. Angalia, majina yote iko hapa."

Mwalimu akayasoma kwa sauti ya chini, kama anayeita darasani.

Karatasi zilipotoka, mama akakunja uso. Mistari ilikuwa imesogea, na jina la mwisho limeangukia ukurasa wa pili, peke yake.

"Linux yangu ina shida hiyo, inapangaka vibaya. Nikuwekee kwa kle ingine, uende kuchapisha kwa jirani. Yake inatoaka muzuri."

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Kwa jirani walisema batoto hakuna. Hapa bote iko, hata kama moja anakaa yeye peke yake."

Kompyuta yangu ya nyumbani hupanga mistari vizuri sana, nami nilikuwa ninajivunia jambo hilo. Sasa ikiniambia hakuna kitu, nitauliza tena mahali pengine.