Kadi ya harusi iliyomfungia Ami michoro yake

Salaam wakuu. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo. Anayetaka kucheka acheke, sisi huku Amu, yaani Lamu, tumecheka hadi tukachoka.

Ami yangu, Bwana Omari, ni fundi wa nakshi za milango. Michoro yake yote ali-scan akaiweka kwenye kompyuta moja. Karatasi zikaliwa na mchwa, akasema hamna neno. Humo ndani mlikuwa na mchoro wa mlango wa binti yake Rukia, aliyekuwa anaolewa baada ya mfungo.

Programu ya kufungulia document ilikuwa ya kale. Kila ikiomba update, Ami anabonyeza "baadaye". Eti inakula bando.

Siku moja ikaja email: Mwaliko wa Harusi, file la Word. Nikamwambia, "Ami, aliyetuma humjui. Usifungue."

Akanitolea macho. "Mwaliko haukataliwi! Nimwambie mtu subiri nikukague kwanza?"

Akafungua. Wakuu, hakubonyeza kingine chochote. Virusi vilipenya kwenye tundu la ile programu, tundu ambalo update ingeliziba.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Ami akadhani ni macho yake, akamtumia shangazi kule Wiyoni amsomee. Shangazi naye hakuona kitu, akawatumia jamaa wa Manda. Hakuna aliyeuliza bi harusi ni nani. Mjadala ulikuwa kanzu gani ivaliwe.

Kufika alasiri mafaili ya Ami hayafunguki, ya shangazi na ya Manda vilevile, na ukatokea ujumbe wa kudai pesa kwa Kiingereza safi kabisa. Fundi wa kompyuta akasema hapo hakuna ndia ya kuyafungua, yafutwe.

Ami alikaa mbele ya mbao za mlango wa Rukia, patasi mkononi, akalia. Wallahi roho iliniuma.

Harusi ya Rukia ilipokaribia tukatuma kadi kwa email. Hakuna aliyefungua! Shangazi akasema, "Ng'o, mara hii hamnipati."

Ikabidi tualike kwa miguu, nyumba hadi nyumba, kama zamani. Kila mlango aliouchonga Ami, yeye anapiga hodi, mimi napiga picha. Nakshi zikarudi mojamoja.

Ila ya Rukia haikuwa kwenye mlango wowote. Kaolewa, kaingia nyumba yenye mlango wa mbao tupu. Ami asema atauchora upya. Napita pale kila siku, bado mbao tupu.

Funzo: fanyeni update, wekeni nakala pengine, na mwaliko usioutarajia, mpigie simu kwanza mwenye harusi.

Nanyi, mwaliko gani umewahi kuwatokea puani? Semeni hapa hapa, msiambatanishe file. Ami yuko pembeni yangu anasoma, na mwaliko haukataliwi.