Dobi Aliyekataa Kuitwa Mvivu

Miaka ishirini na miwili dobi huyu alisimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka ya hospitali, na haijamuunguza hata kidole. Kwa hiyo msimamizi alipomkuta amesinzia wima, paji la uso likikaribia rola la moto, angalau angeuliza kulikoni. Hakuuliza. Aliandika barua: kwa uvivu uliokithiri, mama huyu aondolewe kwenye mashine, akunje taulo, na baada ya miezi mitatu itaamuliwa kama abaki kazini. Huyo ni mtu anayefika kabla mlinzi hajafungua geti.

Taulo alikunja, barua akakataa kuitia sahihi. Alimwambia msimamizi uso kwa uso kwamba amechoka, na uchovu si uvivu. Alichoshwa na nini, hata yeye hakujua. Kila siku alilala mapema, akaamka hoi.

Jibu alilipata asikotarajia. Jino la nyuma lilivunjika, akaenda kwa daktari wa meno, binti wa rika la kitindamimba wake. Binti akatazama jino, kisha meno mengine yaliyolika kwa kusagana, kisha taya la chini lililokaa nyuma kidogo, akauliza kama mama anakoroma. Dobi akavimba kwa hasira. Ameleta jino, anaulizwa mambo ya kitandani. Mumewe, aliyemsindikiza, akakohoa pale mlangoni.

"Anakoroma, daktari, hilo nimelizoea," alisema. "Kinachonitisha ni akinyamaza. Pumzi inakata, nami nahesabu mpaka irudi. Juzi nilifika thelathini."

Mke akamgeukia. Kumbe mtu anahesabu miaka yote hiyo na hasemi! Mzee akajitetea kwamba aliogopa kumuaibisha, na kusema kweli alimuogopa tu.

Binti hakukurupuka. Alimpeleka kwanza kwa daktari wa matatizo ya usingizi, akalala usiku mmoja amefungwa kifaa cha kupima pumzi, ikaonekana koo lake hujiziba usingizini zaidi ya mara ishirini kwa saa. Madaktari wakakubaliana kwamba kifaa cha mdomoni kingemfaa. Binti akamtengenezea vibao viwili vya plastiki, cha meno ya juu na cha meno ya chini, vya kusogeza taya mbele kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Wiki ya kwanza mate yalimtoka na taya likauma. Wiki ya pili aliamka na kichwa chepesi, akajishangaa.

Halafu akaharibu mwenyewe. Kwa dobi, kitu hakijatakata mpaka kichemke. Binti alimwambia maji baridi na mswaki vinatosha. Alisikia vizuri, akaona huo ni usafi wa wavivu. Akakitosa kifaa kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kikatoka kimepinda kama ganda la chungwa.

Kutengeneza kingine kulichukua wiki tatu. Usingizi ukamrudia palepale kwenye taulo, msimamizi akacheka bila kujificha. Wenzake wakamshauri aombe radhi yaishe. Akawauliza radhi ya nini, ya kukabwa koo?

Miezi mitatu ilipotimia aliingia ofisini na majibu ya kipimo cha pili, alichofanyiwa akiwa na kifaa kipya: pumzi ilikata mara nne tu kwa saa. Msimamizi akasoma, akakuna kidevu, akasema basi, mama arudi kwenye mashine yake, yaliyopita yamepita.

"Hayajapita," dobi alisema. "Yamo kwenye faili langu. Futa huo uvivu, andika nilikuwa mgonjwa. Mashine nitaiwasha ukishatia sahihi."

Msimamizi akamkumbusha kwamba mashuka ya wodi tatu yanangoja. Dobi akavuta kiti, akaketi. Nje ya mlango wenzake wakasimamisha matoroli, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewaambia wasimame. Msimamizi akamkodolea macho mama yule, labda akitumaini atasinzia. Akangoja sana. Mwishowe akafungua faili, akatafuta kalamu, na dobi akamtajia herufi moja moja, taratibu, jinsi ya kuandika jina la ugonjwa wake.