Kadi ya Ukili wa Bibi

Harufu ya majani ya mtende yaliyolowekwa siku tatu si nzuri. Inafanana na harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni, na ikichanganyika na mvuke wa rangi inayochemka, mgeni akiingia uani kwetu alikunja pua. Nilipokuwa mdogo niliipenda. Nilipofika miaka kumi na moja nikaanza kuionea haya. Tulikaa Ibra, mji wa Oman, katika nyumba ya saruji pembeni mwa mashamba ya mitende, mimi, baba, mama na Bibi mzaa mama. Tuliondoka Unguja mimi nikiwa wa kubebwa, kwa hiyo sikumbuki kitu cha huko. Nilichokijua ni kile kilichokuja na Bibi: Kiswahili chake, namna yake ya kupika wali, na vidole vyake ambavyo havikujua kutulia. Unguja alikuwa akisuka mikeka ya ukindu. Ibra ukindu hakuna, basi alichukua majani machanga ya mtende, ambayo ni magumu zaidi, akayaloweka sana, akayachana membamba kwa sindano, akayachovya rangi nyekundu na zambarau, kisha akasuka ukili, yaani ule mkanda mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Wanawake wa Ibra nao walisuka majani ya mtende, ila ya kwao waliyaacha meupe, wakatengeneza makapu na vitanga vya kuandalia chakula. Walikuja kumtazama Bibi, wakasifu kazi yake, na wakati wa kutoka nikawasikia wakiulizana kajifunza kwa nani mambo yale ya marangirangi.

Shuleni niliitwa Zanjibariyya, yaani mwanamke wa Zanzibar. Watu wazima walilitamka neno hilo kama wanavyosema fulani mrefu, fulani mfupi. Vinywani mwa wasichana wa darasa la tano lilikuwa na mengine ndani yake. Moza, ambaye nilitamani mno awe rafiki yangu, siku moja alinishika nywele, akazivuta kidogo kuona zitarudi vipi, akawaambia wenzake kwamba watu wa Zanjibar wamelelewa na wajakazi mpaka wamefanana nao. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Sikuwa msemaji, nilikuwa mtoto wa kukaa pembeni mwa benchi na kungoja kengele. Kitu kimoja tu walimu walinijua nacho, mwandiko. Niliandika polepole kuliko wote darasani, lakini herufi zangu zilikaa vizuri kwenye mstari, na hata leo, ambapo shule yangu yote iliishia darasa la sita, ndivyo ninavyoandika, polepole.

Mwaka ule, miaka ya themanini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, alikuja mji wetu mwanamke wa Kihindi kutoka Kerala, kumtembelea kaka yake aliyekuwa daktari. Sisi tulimwita Abla Latha, kama tulivyowaita walimu wetu wote wa kike. Alikuwa msanii, lakini hakutumia brashi wala karatasi. Alitengeneza vitu vikubwa kutokana na kazi za mikono ya watu wengine. Babu yake, alisema, alivuka bahari kwenda kutafuta kazi nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, hakurudi, na kilichobaki nyumbani kwao ni namna yake ya kusuka makuti, ambayo watoto wake waliendelea nayo. Alikuja shuleni, na mwalimu mkuu wetu, mama wa Kimisri, akawa anatafsiri maneno yake kwa Kiarabu. Alitaka kila mwanamke wa mji anayejua kusuka atoe ukili mmoja, urefu wa pima mbili. Yeye angezishona zote zikawa kitu kimoja kipana, akakitundika dari ya ukumbi wetu kikipanda na kushuka kama maji, watu wapite chini yake. Kila ukili ungekuwa na kadi yenye majibu matatu: jina lako nani, ulizaliwa wapi, na nani alikufundisha. Swali la tatu ndilo alilolirudia. Alisema watu wakivuka bahari huacha karibu kila kitu, lakini hawawezi kuiacha mikono yao, na mikono hiyo kuna mtu aliyeifundisha. Mwalimu mkuu akamaliza kutafsiri, akatazama darasa, akaninyooshea kidole mimi, akasema kadi zote niziandike kwa mwandiko wangu.

Bibi alisuka ukili wake kwa wiki tatu. Aliufumua mara mbili. Ulipokwisha aliniita uani, akaniambia swali la tatu niandike Bi Mize, ndipo akanisimulia kitu ambacho alikuwa hajawahi kunisimulia. Bi Mize alikuwa jirani yake huko Unguja, mtaa wa Ng'ambo, mwanamke maskini aliyeishi kwa kusuka na kuuza mikeka, na yeye ndiye aliyemfundisha Bibi, tangu kuchana majani mpaka kushona. Siku zile za mapinduzi alimchukua Bibi na mama yangu, ambaye alikuwa msichana mdogo, akawaweka katika chumba cha nyuma akawafunika kwa mikeka yake iliyokunjwa. Wakakaa humo siku tisa. Watu wenye mapanga walikuja kugonga, Bi Mize akasimama mlangoni akawaambia ndani pana mikeka tu. Miaka michache baadaye tulipoondoka Unguja, tuliondoka kwa haraka, wala Bibi hakupata kumuaga. Alinisimulia yote haya huku akikunja ukili, bila kunitazama.

"Sina kitu cha kumlipa," alisema. "Basi jina lake lisomwe mbele za watu. Liandike vizuri, mwanangu, kwa huo mwandiko wako."

Kadi tuliziandika siku iliyofuata, chumba cha mwalimu mkuu. Moza alichaguliwa kukata karatasi, akakaa ubavuni mwangu, na kwa mara ya kwanza alikuwa akizungumza nami kama mtu. Alinipa nusu ya biskuti yake. Nikaandika kadi kumi na kitu, zote za wanawake wa Ibra waliofundishwa na mama zao au shangazi zao, na kila moja Moza aliisoma kwa sauti kabla ya kuiweka juani ikauke. Nikafika kwenye ya Bibi. Niliandika jina lake. Niliandika Zanjibar. Kisha kalamu ikasimama.

"Haya, huyu naye alifundishwa na nani?" Moza aliuliza. "Na mjakazi?"

Alikuwa anatania, ila jina tupu la Mize, bila kabila, lingemjibu ndiyo. Labda angesahau kabla ya jua kuchwa. Nikaandika jina la mama yake Bibi, Zuwena binti Said, na jina la kabila letu kamili, herufi moja moja. Nimesema kwamba naandika polepole. Siwezi kujitetea kwamba mkono uliteleza. Nilikuwa na muda wa kuacha katika kila herufi, na sikuacha. Nilijiambia kuwa mama ndiye mwalimu wa kwanza wa kila mtu, kwa hiyo si uongo hasa. Moza aliisoma, akasema kumbe nyinyi ni watu, akaiweka juani pamoja na nyingine.

Siku ya maonyesho Bibi alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa viatu alivyokuwa akivaa Idi tu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kitu cha Abla Latha kilianzia juu ya mlango, kikashuka mpaka karibu na vichwa vya watu, kikapanda tena, kikashuka, chote cheupe kama majani yalivyo, na katikati yake ukapita mstari mmoja mwekundu na zambarau. Wanawake waliinua mikono kuugusa. Mwalimu mkuu alitembea na wageni akiwasomea kadi, na alipofika kwenye mstari ule alisimama, akamwita Bibi aje mbele, akasoma. Alipolitaja jina la Zuwena binti Said na la kabila, wazee wawili wa kike wakasema mashallah, watu wale tunawajua, asili haipotei. Abla Latha alifurahi sana. Akamshika Bibi mikono yote miwili, akaitazama, na kwa kupitia mwalimu mkuu akamuuliza kama ni kweli mikono hii ilifundishwa na mama yake.

Bibi aliisogelea kadi akaisoma mwenyewe, kwa kuwa alisoma msahafu kila siku na herufi zile alizijua vizuri kuliko mimi. Kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama na Moza, bega kwa bega. Sijui aliona nini usoni mwangu. Najua nilichokuwa nikiomba moyoni, kwamba asiseme.

"Naam," alisema kwa Kiarabu. "Mama yangu. Mungu amrehemu."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni alivua viatu vyake vya Idi, akavifuta vumbi kwa kiganja, akavipanga ukutani.

"Mama yangu hakujua kusuka hata kamba ya kufungia mbuzi," alisema. Nilidhani anafanya mzaha, nikataka kucheka. Akaendelea kwa sauti ileile ya chini: "Mize aliulizwa na watu wenye mapanga, akasimama. Mimi nimeulizwa na mwalimu. Mara moja tu."

Hakunipiga, hakumwambia mama. Kitu kile kilikaa ukumbini siku tatu zaidi, na siku zote tatu nilikwenda shuleni na kalamu ndani ya mkoba na kadi tupu niliyoichukua kwa Moza, nikapita chini ya ule mstari mwekundu na zambarau, nikaingia darasani. Siku ya nne Abla Latha alikikunja akaondoka nacho, na kadi zote zikiwa zimeshonewa mahali pake.

Siku hizi mambo ni mengine. Binti yangu anafanya kazi Maskati, na mara mbili amenipeleka kwenye maonyesho ya wasanii wa India, wa Indonesia na wa kwetu pia, kazi zinazohusu bahari na waliohama. Vijana wanasimama mbele ya picha wakisema kwa fahari kwamba bibi zao walitoka Unguja, walitoka Bujumbura, na hakuna anayewacheka. Binti yangu anafurahi akisikia. Mimi nafikiri kuwa mahali fulani Kerala, ukutani au ndani ya sanduku, kuna kadi kwa mwandiko wangu mzuri, na kila anayeisoma anaamini. Nilipomweleza binti yangu, aliniambia mama, si umwandikie barua tu, huyo Abla Latha tutamtafuta. Nimeianza barua hiyo mara nyingi. Naandika salamu, naandika mwaka, naandika kwamba nilikosea. Nikifika kwenye jina nakwama, kwani kadi zote zile zilitaka jina kamili, fulani binti fulani, nami najua Mize tu. Baba yake ni nani, alizikwa wapi, kama aliacha watoto, yote hayo aliyajua Bibi. Alikaa nasi miaka tisa baada ya siku ile, chumba cha pili kutoka changu, na sikumuuliza.