Kagure Ndani ya Kiwanda cha Chai

Kagure alikuwa amepiga picha katika mtaa wa Ruring'u kwa miaka kumi na tisa: za pasipoti, za harusi, za ubatizo, hata za ng'ombe wa maonyesho. Kiwandani hakuwa ameingia hata siku moja. Meneja Mutahi alipompigia simu akitaka picha za kalenda ya kiwanda chao cha chai, alikubali kabla hajauliza kazi yenyewe ikoje.

Ilikuwa Mei, mvua imekolea, majani yanaletwa kwa wingi. Mutahi alimpa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, akamweleza masharti mawili: mashine hazingesimama kwa ajili yake, na asitumie flashi, isije ikawatia kiwi cha macho watu wa mashine.

Nje baridi ya mlima ilikuwa ya kukunja vidole, lakini ndani kulikuwa na joto na unyevu. Lenzi ikafunga ukungu papo hapo. Akaipangusa, ikafunga tena. Alipopata upenyo wa kupiga, sakafu ilitetemeka kwa ngurumo za mashine, na kila picha ikatoka kama imepigwa na mlevi. Vumbi la chai nalo likamfanya apige chafya mpaka machozi yakamtoka. Nusu saa ikaisha hana picha hata moja ya kumwonyesha mtu, akaanza kutunga moyoni maneno ya kumwambia Mutahi atafute fundi mwingine.

Aliyemwona ni Benter, mama wa makamo kutoka Siaya aliyeangalia mashine ya kukaushia. Alimvuta mkono mpaka hapo kwenye mashine yake, akamsemea sikioni, maana kelele zilikuwa nyingi.

“Kamera yako iko na baridi, mama. Mimi miwani yangu naweka hapa dakika kumi kwanza, ndio nione.”

Kagure akaiweka juu ya meza ya chuma iliyokuwa vuguvugu. Wakati anangoja, macho yake yakaangukia rundo la magunia matupu. Akatandika matatu sakafuni, akasimama juu yake, akahisi mtetemo umepungua miguuni. Alipoinua kamera, lenzi ilikuwa safi kabisa.

Likabaki suala la watu. Wanawake wanane walikuwa wamejipanga kwenye mkanda wakiokota vijiti katika chai, wote wamevaa barakoa, na kuwaita kusingefaa kitu. Kagure akainua mkono, akazungusha kidole, kama afanyavyo harusini akitaka watu wamwangalie. Hakujua kwamba pale kiwandani ishara hiyo ni ya kuwaambia watu waende mapumziko ya saa nne. Ilikuwa saa mbili unusu. Wanawake wakatazamana, wakamtazama yeye, wakacheka mpaka mabega yakatikisika. Akabonyeza, akabonyeza tena.

Mutahi alipoonyeshwa picha hiyo, alilalamika kwamba kofia ya mmoja ilikuwa upande na hakuna mdomo unaoonekana. Kagure akamwambia, “Angalia macho.” Mutahi akaangalia sana, kisha akacheka na yeye. Picha hiyo ikawekwa kwenye ukurasa wa Januari. Benter akapewa Februari nzima peke yake.

Mwaka ulipoanza, wanawake watatu kati ya wale wanane walifika kwenye studio ya Kagure kwa siku tofauti, kila mmoja akiapa kwamba yule wa pili kutoka kushoto ni yeye. Kagure akawachapishia wote watatu, na kila mmoja akaenda zake ameridhika.