Kisigino cha Mama

Mama yangu ana visigino vilivyopasuka, na anavionea aibu. Kanisani huvaa viatu vya kufunika hata jua liwe kali namna gani, na ukimtania kuhusu magaga yake atakununia mpaka jioni. Nilijua haya yote. Hata hivyo, Jumapili moja alipolala kwenye kochi langu hapa Kitengela, miguu ikiwa imetokeza nje ya shuka, nilitoa simu nikapiga picha kisigino chake cha kulia. Najua, sina adabu.

Nilikichora kikubwa kama geti. Wiki tatu nilishinda na zile nyufa, nikichanganya kahawia, kijivu na zambarau kidogo, na kadiri nilivyochora ndivyo nilivyozidi kushangaa. Mguu huu unaoingia jikoni kwangu kila Jumapili, kumbe una mabonde na makorongo! Sijawahi kuchora picha nzuri kuliko hiyo. Ilikuwa itundikwe Jumamosi katika maonyesho kwenye ukumbi mmoja mjini Kajiado, na mama alikuwa ameshawaalika akina mama wenzake wa kanisa. Niliapa kwamba nitamwonyesha kwanza, na akikataa sitaipeleka. Nikajuta kuapa.

Alhamisi akaja kutoka Isinya na trei ya mayai ya kuku wake. Akaiweka mezani, akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Hii ploti ni ya nani?"

Nikajifanya napanga mayai.

"Ni ule udongo mweusi," akaendelea, akisogea karibu. "Usidanganywe ununue. Hapa ukijenga, nyumba inapasuka katikati. Lazima uchimbe udongo yote utoe, ujaze maram, ile changarawe nyekundu. Na hapa," akaugusa ufa mrefu, "hapa maji imepita. Iko na title, ile hati ya shamba?"

Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka. Ningenyamaza tu, mambo yangekwisha: akina mama wangeisifu ploti na kila mtu angerudi kwake kwa amani. Lakini alikuwa ameinama akichunguza kovu la jembe, alipojikata mwenyewe kabla sijazaliwa, na hakulitambua. Nikaona vibaya kumwacha apotee ndani ya mguu wake.

"Mum, hiyo si ploti. Ni kisigino chako."

Akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena.

"Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe."

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, apate kuiona nzima.

"Uko na kichwa ngumu wewe," akasema hatimaye. "Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa kabisa." Lakini macho yalikuwa bado kwenye picha. "Na mbona umechora moja peke yake? Watu watadhani nilikatwa mguu."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Nilifurahi nikamkumbatia na rangi zangu zote mikononi, akanigombeza kwa sababu ya sweta.

Jumamosi alifika ukumbini kabla ya wageni, akasimama kando ya picha na hakubanduka. Kila aliyepita alimuuliza, "Hapa ni wapi?" Mmoja akasema ni Isinya. Mwingine akasema ni nyuma ya Kitengela, kule kunakouzwa ploti. Kisha akaja mzee mmoja mfugaji, Mmaasai, aliyesema bila wasiwasi kuwa ni kwao Bissil, mwaka ule mvua ilipokataa kabisa. Alionyesha hata njia aliyopitisha ng'ombe wake, kwa fimbo, ufa baada ya ufa. Mama alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

"Si Bissil, mzee," akamwambia, kwa sauti ya kusikika na wenzake wote wa kanisa. "Hii ni mimi."