Fungu la Maji Lilipangwa Wakati wa Mvua

Saa mbili asubuhi, Mama Mbuke, muuza uji wa sokoni, anaingia ofisi ya baraza la mji na kuweka ndoo tupu juu ya meza ya karani. Ni Septemba 1956, na mji huu mdogo ulio njiani kutoka Shinyanga kwenda Geita umekauka.

"Shikamoo, mayu," anasema Mihayo, karani wa fedha, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Leo siku ya tisa tangu kisima kibomoke. Saruji iko dukani, fedha iko kwenye kasha lako. Unangoja nini?"

Mihayo anafungua daftari lake jekundu. Kila ukurasa una fungu moja: barabara, soko, zahanati, maji. Barabara zimebakiwa na shilingi 840. Maji, shilingi nne. Kisima kinahitaji 210.

"Ya barabara siwezi kuigusa, mayu. Baraza ndilo lililoigawa, na ni baraza tu linaloweza kuihamisha. Nikiichota leo kwa kisima, kesho mwingine ataitaka kwa sherehe."

Watu wanamwita roho ngumu. Mkewe mwenyewe, Generosa, ana mimba ya miezi saba na hutembea kwa saa mbili kufuata maji. Mshahara wa Mihayo ni shilingi 150. Hata angeutoa wote usingetosha.

Kinachomkereketa ni kwamba kosa ni lake. Makisio ya mwaka huandikwa Machi, na Machi iliyopita kisima kilijaa hadi watu wakachota kwa kuinama tu. Mihayo akapendekeza fungu la maji lishuke kutoka shilingi mia tatu hadi sitini. Wajumbe wakapitisha bila swali, makoti yao yakichuruzika maji ya mvua.

"Sote tulikuwa tumelowa," anamwambia Mama Mbuke kwa aibu. "Nani angekumbuka kiu?"

Alhamisi baraza linakaa. Ombi la kuhamisha fedha ameshaliandika, na chini yake ameongeza kwamba tangu sasa fungu la maji lijadiliwe Septemba. Mwenyekiti, Bwana Thobias, amekubali pia mabenchi yatolewe nje, wajumbe wakae kando ya kisima.

Mama Mbuke ananyoosha mkono kuchukua ndoo yake. Mihayo anaishika.

"Niazime mpaka Alhamisi, mayu. Nataka niiweke mbele ya mwenyekiti kama ulivyoniwekea mimi."

Mama anaitazama ndoo, kisha anaiachia.

"Kaa nayo. Kwangu haina kazi."